Shavu kwanza, darubini baadaye

Maswali yenu kwa Fundi Bunduki

Toleo hili nimeziweka kando barua za vitako vilivyopasuka na mitutu iliyoshika kutu, maana wengi wenu mmeniuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu anayejijengea bunduki yake mwenyewe, aiwekee kilengeo gani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Najenga bunduki yangu ya kwanza ya bolti. Mtutu wa sentimita 61 umeshafungwa, na kitako cha mjozi nimekichonga kwa mkono wangu, mgongo wake uko chini kama vile vya zamani. Nitawindia vichakani, ambako sijawahi kumpiga mnyama mbali zaidi ya mita 150, na mara mojamoja nitapiga karatasi ya shabaha mita 300. Rafiki yangu ananihimiza ninunue darubini inayokuza mara 6 hadi 24, yenye lenzi ya mbele ya milimita 56. Anasema ukinunua kubwa umemaliza. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kitako. Kabla hujatoa pesa yoyote, fanya jambo moja leo jioni. Chomoa bolti, kagua chemba, yaani chumba cha risasi, kwa jicho na kwa kidole mpaka uridhike kuwa bunduki ni tupu. Simama wima, fumba macho yote mawili, inua bunduki begani na ulaze shavu juu ya kitako pale linapopenda kulala lenyewe. Vuta pumzi mara mbili. Fumbua macho. Hapo jicho lako lilipo ndipo darubini inapotakiwa kulifuata. Mwombe mtu akupimie kwa rula, kutoka katikati ya mtutu hadi usawa wa mboni. Rudia mara tano, kwa sababu mara ya kwanza mtu hujipinda bila kujijua, kisha andika kipimo kwenye ubao wa karakana.

Sasa chukua kipimo hicho ukilinganishe na darubini unayoitaka. Darubini ya lenzi ya milimita 40, ikikaa kwenye pete fupi, yaani vile vishikio vinavyoifunga juu ya bunduki, kitovu chake huwa karibu milimita 38 juu ya kitovu cha mtutu. Ile ya milimita 56 ina kichwa kipana, lazima inyanyuliwe karibu sentimita moja zaidi ili isiguse mtutu. Kitako chako cha mtindo wa zamani kilichongwa kwa vilengeo vya chuma vilivyolala chini. Kwa hiyo utakapoinua bunduki ile mbele ya mnyama, shavu litakuwa hewani na kidevu ndicho kitakachogusa mti.

Hili nililijua kwa kukosea. Miaka yangu ya mwanzo nilimjengea mtu bunduki nzuri nikamfungia darubini kubwa, kwa kuwa ndiyo aliyoitaka nami sikutaka kumbishia. Baada ya msimu mmoja aliirudisha. Akilala chini na kuegemeza, risasi zilikaa pamoja. Akisimama, zilitawanyika kama mtama uliomwagika. Nilipima mtutu, nikapima chemba, nikabadilisha skrubu, sikuona kasoro. Mwishowe nikaigeuzia kitako chake dirishani, mwanga ukaanguka kwenye vanishi. Pale shavu linapostahili kulala vanishi ilikuwa mpya kabisa, inang'aa. Iliyochakaa ilikuwa sehemu ndogo, upana wa dole gumba, chini zaidi na nyuma kidogo. Pale ndipo mfupa wa taya yake ulipokuwa ukigusa. Msimu mzima alikuwa akipiga kichwa kikielea. Niliongeza mgongo wa kitako kwa kipande cha mti, nikashusha pete, na bunduki ileile ikatulia. Tangu siku hiyo simwulizi mteja anataka darubini gani mpaka nimelipima shavu lake.

Haya, tuje kwenye ukuzaji. Chukua upana wa lenzi ya mbele ugawe kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaoingia kwenye jicho. Milimita 40 ikikuza mara 4 inakupa duara la mwanga la milimita 10. Ikikuza mara 9 inakupa milimita 4.4. Hiyo ya rafiki yako, milimita 56 ikikuza mara 24, inakupa milimita 2.3 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka kufikia kama milimita 7, ya mtu mzima hupungua na mara nyingi huishia karibu na 5. Maana yake, jua likizama, wakati wanyama wanapotoka, kwenye ukuzaji wa juu ile darubini kubwa itakupa picha yenye utusitusi kuliko ndogo iliyo kwenye mara 6. Tena duara la mwanga likiwa dogo kichwa hakiruhusiwi kusogea hata kidogo. Ukisogea, unaona kivuli cheusi kikiingia ubavuni kama hilali, na ukikiona kivuli hicho ujue jicho lako haliko katikati.

Upana wa kuona nao unapungua. Mara 3 hukuonyesha kama mita 11 za pori kwenye umbali wa mita 100. Mara 9 hukuonyesha mita 4 na nusu hivi. Ukianzia mara 6 vichakani, mnyama aliye mita 30 mbele yako atajaza lenzi kwa manyoya na hutajua kama unatazama bega au paja. Nimeona watu wenye macho mazuri wakihangaika hivyo, na sipendi kumwona mtu akipiga risasi asiyo na hakika nayo.

Na ile shabaha ya mita 300? Ukuzaji wa mara 10 unaileta kana kwamba iko mita 30. Duara la sentimita 15 utaliona vizuri. Ningekuwa wewe ningechukua mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40, au mara 2 hadi 10 yenye 42, pesa inayobaki ningeiweka kwenye lenzi bora za ukubwa uleule. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga kila uso. Darubini yenye nyuso kumi za namna hiyo ingekupotezea theluthi nzima ya mwanga. Upakaji wa kuzuia hasara hiyo uligunduliwa mwaka 1935 na Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss kule Ujerumani, na mpaka leo tofauti kati ya darubini nzuri na ya hivihivi unaiona hapo, kwenye rangi za lenzi ukiinamisha chini ya taa. Tafuta maandishi yanayosema kila uso wa kioo umepakwa tabaka nyingi. Wakisema tu "lenzi zimepakwa", huenda ni tabaka moja, juu ya nyuso chache.

Uzito nao usiusahau. Darubini kama hiyo ya 24 nyingi zinakaribia kilo. Utaibeba siku nzima juu ya bunduki uliyoisawazisha kwa mikono yako mwenyewe.

SWALI: Fundi, nimenunua kilengeo cha nukta nyekundu kwa ajili ya bunduki fupi. Nukta yenyewe si duara, inafanana na mkia wa kimondo. Nimepunguza mwanga wake, bado. Muuzaji amenibadilishia, na cha pili ni vilevile.

JIBU: Viwili vikifanana, kagua jicho. Piga picha kwa kamera ya simu kupitia kile kioo. Kama kwenye picha nukta ni duara safi, kifaa ni kizima na jicho lako lina astigmati, yaani uso wa jicho haukupinda sawasawa pande zote. Ni jambo la kawaida sana, na wengi hulijua kwa mara ya kwanza kupitia nukta nyekundu. Nenda kwa daktari wa macho. Miwani sahihi huenda ikaimaliza kabisa. Ikiwa hutaki miwani, chagua kilengeo cha prizimu, ambacho alama yake imechorwa kwenye kioo na unaweza kuikaza ionekane wazi kwa jicho lako kwa kuzungusha kipande cha nyuma.

Usisahau pia kwamba nukta ya dakika 2 za pembe (dakika moja ni sehemu moja ya 60 ya digrii) hufunika kama sentimita 6 kwenye mita 100. Kwa bunduki fupi ya karibu hiyo inatosha.

SWALI: Nimechanganyikiwa na maneno mawili: msalaba wa mbele na msalaba wa nyuma. Halafu kuna darubini zilizoandikwa MOA na zilizoandikwa MRAD. Nichague ipi kwa bunduki ya kupigia mbali, mita 200 hadi 600?

JIBU: Vipimo ni viwili vya jambo moja, yaani pembe. MOA ni dakika moja ya pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii, na kwenye mita 100 inakuwa sentimita 2.9. MRAD ni miliradiani, nayo kwenye mita 100 inakuwa sentimita 10 kamili. Kifundo cha MRAD, yaani kile unachozungusha kurekebisha darubini, kwa kawaida husogea sehemu moja ya kumi kila kinapolia, sentimita 1 kwenye mita 100. Kifundo cha MOA kwa kawaida husogea robo ya dakika, karibu milimita 7. Mtu anayefikiri kwa mita na sentimita atapata raha na miliradiani, maana hesabu inafanyika kichwani huku kidole kiko kwenye kifundo. Usikubali kabisa darubini ambayo msalaba wake, yaani mistari ya kulengea ndani yake, ni wa kipimo kimoja na vifundo vya kipimo kingine. Bado zinauzwa, na zimeharibu siku nyingi uwanjani.

Kuhusu msalaba: ukiwa mbele ya lenzi za kukuza, unakua na kupungua pamoja na picha unapobadilisha ukuzaji, kwa hiyo alama zake ni za kweli wakati wote. Ukiwa nyuma, unabaki ukubwa uleule, na alama ni za kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Mfano, alama mbili zilizoachana miliradiani 1 kwenye mara 10 zitafunika miliradiani 2 ukishusha hadi mara 5. Ukisahau hilo mita 400, umekosea kwa kiasi cha kuikosa shabaha nzima.

Kwa kupiga mbali, chukua wa mbele. Kwa kuwinda vichakani sikushauri, kwa kuwa ukishusha ukuzaji msalaba unakuwa mwembamba kama unywele na jioni unapotea kwenye majani.

Kwa umbali huo chagua pia darubini yenye kirekebishi cha paralaksi, yaani ile hali ya msalaba kuonekana ukihama juu ya shabaha jicho linaposogea. Weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, usiishike, sogeza kichwa kushoto na kulia ukitazama shabaha. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, zungusha kirekebishi mpaka utulie. Usiamini namba zilizochorwa juu yake, amini kutulia kwa msalaba.

SWALI: Nina miaka 58, fundi mwenzangu. Najenga bunduki nyepesi na sitaki kioo juu yake, nataka vilengeo vya chuma. Shida ni kwamba ufa wa nyuma, ule mkato wa kulengea, siuoni tena, umekuwa ukungu. Niache?

JIBU: Usiache, ndugu yangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote. Bunduki nyepesi yenye chuma tupu ni kitu kizuri kushika, na macho yako bado yanaweza.

Jicho haliwezi kukaza vitu vitatu kwa wakati mmoja: ufa wa nyuma, ncha ya mbele na shabaha. Kijana hurukaruka kati ya vyote vitatu kwa haraka asijue. Sisi hatuwezi tena. Basi ondoa kimoja. Ng'oa ufa kwenye mtutu, weka kilengeo cha tundu nyuma kabisa ya mwili wa bunduki, karibu na jicho. Tundu hulitazami, unatazama kupitia kwake. Jicho lenyewe hupenda kuipeleka ncha katikati ya duara, huhitaji kulifundisha. Tena tundu dogo hukaza picha, kama vile unavyosoma maandishi madogo kupitia kitundu kilichotobolewa kwenye kadi kwa sindano. Jaribu hivyo na kadi kwanza, uone.

Kuna faida ya pili. Kadiri vilengeo vinavyoachana, ndivyo kosa linavyopungua. Ufa ulio sentimita 45 nyuma ya ncha, ukikosea milimita 1, risasi huenda pembeni sentimita 22 kwenye mita 100. Tundu lililo sentimita 65 nyuma ya ncha, kosa hilohilo la milimita 1 linakuwa sentimita 15.

Ncha ya mbele iwe na bapa juu, isiwe na shanga ya mviringo, na ichague kwa upana. Ncha ya milimita 2 iliyo sentimita 80 kutoka jichoni hufunika sentimita 25 kwenye mita 100. Kwa pori ni sawa, kwa karatasi ni pana mno. Mimi hufunga ncha ndefu kuliko inavyohitajika, halafu naenda uwanjani na tupa ndogo. Risasi zikianguka chini, ncha inapunguzwa. Ukiipunguza, risasi zinapanda. Kwa bunduki yako yenye sentimita 65 kati ya vilengeo, risasi zilizo chini sentimita 10 kwenye mita 100 zinataka ncha ipungue milimita 0.65. Piga tupa nusu ya hiyo, kisha piga risasi tatu, kisha rudia. Chuma kilichoondoka hakirudi, nami nimeshatupa ncha mbili kwa haraka yangu. Ukimaliza, paka bapa lile moshi wa mshumaa au rangi nyeusi isiyong'aa, jua lisikudanganye.

Tundu la nyuma lisogeze upande unaotaka risasi ziende. Ncha ya mbele inakwenda kinyume. Andika hilo ndani ya kifuniko cha kisanduku cha zana, maana siku ya kulihitaji ndiyo siku linapokutoroka.

SWALI: Nina bunduki ya upepo ya springi. Nimeifungia darubini iliyotoka kwenye bunduki yangu kubwa ya kuwindia, nikijua hii ndogo haina teke. Msalaba umekatika baada ya wiki mbili. Imekuwaje?

JIBU: Bunduki kubwa hupiga teke nyuma tu, na darubini nyingi zimejengwa kuvumilia upande huo. Springi husukuma bunduki nyuma, kisha pistoni ikifika mwisho huikwamisha ghafla, na bunduki yote inaruka mbele. Lenzi na msalaba vinatikiswa pande zote mbili. Nunua darubini iliyoandikwa wazi kuwa ni ya bunduki za upepo, nayo itakuwa imekazwa pande zote na paralaksi yake imewekwa kwa umbali mfupi. Weka pia kizuizi nyuma ya pete, chenye pini inayoingia kwenye tundu la mwili wa bunduki.

SWALI: Nilipiga ziro vizuri mita 100, yaani risasi zilipiga pale ninapolenga. Wiki iliyofuata risasi zilikuwa sentimita 12 kulia. Nikarekebisha, zikahamia juu. Nimebadilisha risasi, nimesafisha mtutu, sasa nafikiria kubadilisha mtutu wenyewe. Darubini ni ya bei, haiwezi kuwa yenyewe.

JIBU: Mtutu uache hapo ulipo. Shika darubini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, uvisokote taratibu kama unayekamua nguo, huku kidole kimoja kikigusa mahali reli, kile chuma kinachobeba pete, inapokutana na mwili wa bunduki. Nadhani utasikia kitu kinatembea. Kidole husikia mchezo ambao jicho halioni.

Fungua kila kitu. Pete, reli, zote. Kwanza angalia kama pete na reli vinaelewana. Mifereji ya reli ya Picatinny, kipimo cha jeshi la Marekani kilichoandikwa mwaka 1995, ina upana wa milimita 5.23. Mifereji ya Weaver, aina nyingine ya reli, ni myembamba zaidi, milimita 4.57. Pete za Weaver zitaingia kwenye Picatinny lakini zitakuwa na nafasi ya kutembea. Zisukume mbele mpaka ziegemee ukingo wa mfereji kabla ya kukaza, ili teke lisipate pa kuzisogeza.

Osha matundu na skrubu zote kwa spiriti. Mafuta ndiyo yanayofungua skrubu za reli, na mara nyingi yaliachwa humo na mtu aliyetoboa. Skrubu za reli zitie tone la gundi ya nyuzi ile ya buluu, ambayo inafunguka kwa bisibisi. Za pete zifunge kavu. Angalia pia kama skrubu ya mbele ya reli si ndefu mno. Ikigusa nyuzi za mtutu utahisi imekaza kumbe haijaibana reli hata kidogo. Hili nimelikuta zaidi ya mara moja kwenye bunduki zilizojengwa nyumbani, na dalili zake zinafanana kabisa na zako.

Weka darubini kwenye pete, zikiwa zimelegea. Laza shavu macho yakiwa yamefumbwa, kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu, kisha sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae bila kivuli, ukuzaji ukiwa wa juu kabisa. Hakikisha kati ya nyusi na kioo kuna sentimita 8 au zaidi, kwa sababu teke litakirudisha kioo usoni. Ning'iniza uzi wa timazi mita 25 mbele yako, uweke bunduki sawa kwa pimamaji, uzungushe darubini mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi. Sasa kaza pete kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo, skrubu kwa skrubu, kwa kukatiza, kidogo kidogo, nafasi za pande mbili zikibaki sawa. Pete nyingi hutaka nyutonimita 2 hivi. Fuata kilichoandikwa na mtengenezaji wako.

Kisha usirekebishe kifundo chochote. Piga risasi tano mita 100, uache mtutu upoe, piga tano nyingine. Chora mstari mdogo wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye pete. Ukirudi wiki ijayo na mistari haijavunjika, na risasi bado zinahama, nitumie karatasi zote mbili za shabaha pamoja na picha ya kitako upande wa shavu, tutafute mbele zaidi.